Usingizi wa Mgonjwa Mahututi

Mgonjwa mahututi aghalabu huonekana amelala usiku na mchana. Hata hivyo, kulala kitandani si kupata usingizi. Vipimo vya umeme wa ubongo vimeonyesha kwamba usingizi wa wagonjwa hao huwa wa vipande vipande, na karibu nusu yake huwajia mchana.

Usingizi wa mtu mzima mwenye afya huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi: kwanza mwepesi, kisha mzito, hatimaye ule wa ndoto nyingi. Mgonjwa anayeamshwa kila saa, mara kupimwa joto, mara kutolewa damu, mara kugeuzwa, hawezi kuukamilisha mzunguko hata mmoja.

Yafaa ieleweke pia kwamba dawa za kutuliza si badala ya usingizi. Dawa hizo hufifisha fahamu, lakini hazileti mizunguko ya kawaida. Baadhi yake, hasa za jamii ya benzodiazepini, huongeza hatari ya mgonjwa kuchanganyikiwa akili, asijue alipo, na pengine hata kuing'oa mirija inayomhifadhi hai.

Adui wa kwanza wa usingizi ni kelele. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sauti katika wodi usiku isizidi wastani wa desibeli 30. Katika vyumba vingi vya wagonjwa mahututi vilivyopimwa, sauti ilipita desibeli 50. Tofauti hiyo ya desibeli 20 ina maana kwamba nguvu ya sauti ni mara 100 zaidi. Adui wa pili ni mwanga. Ubongo hutoa homoni ya melatonini wakati wa giza. Taa ikiwaka usiku kucha, homoni hiyo hupungua, na mwili hupoteza hesabu ya usiku na mchana.

Tiba ya mambo haya haihitaji mitambo ya gharama. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2018 ulipendekeza kupunguza kelele na mwanga usiku, pamoja na kumpa mgonjwa vizibo vya masikio na kitambaa cha kufunika macho. Wauguzi nao waweza kukusanya kazi zao pamoja, ili mgonjwa aachwe kwa muda mrefu bila kuguswa, ila kwa jambo lisilongojeka. Kengele za mitambo zisizimwe, bali zirekebishwe zilingane na hali ya kila mgonjwa, zisilie bila sababu. Mchana, madirisha yafunguliwe mwanga uingie.

Tangu mwaka 1859 Florence Nightingale alikwisha kuwaonya wauguzi juu ya kelele zisizo za lazima na kumwamsha mgonjwa ovyo. Hapana budi, basi, usingizi uhesabiwe kuwa sehemu ya matibabu, nao ulindwe kama dawa nyingine zilindwavyo.