Dondoo muhimu: Mkasi kwenye asumini

Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Kichaka kisichopogolewa huzidi kuwa na majani, maua yakabaki machache, tena juu kusikofikika.

Wakati mzuri ni pale msimu wa maua unapoisha. Huanza kuondolewa matawi makavu, yenye ugonjwa na yanayosuguana. Kisha yaliyo hai hupunguzwa kwa theluthi moja hivi, mkato ukiwa juu kidogo ya kifundo chenye majani. Mkasi uwe mkali, na ufutwe kwa spiriti kabla ya kuhamia kichaka kingine. Kisu butu cha jikoni (na ndicho wengi hukimbilia) huchana gome, na kidonda hicho hukawia kupona.

Halafu samadi iliyooza vizuri, maji, na jua. Kivulini, hata fundi hodari hatapata maua mengi.

Wanaotunga vikuba (vishada vya maua ya kujipamba) Lamu, Mombasa na Unguja huchuma matumba kabla hayajafunguka usiku. Kuchuma huko si kupogoa. Vijiti vilivyozaa bado vinahitaji kukatwa.

Vipande visitupwe: vilivyokomaa kiasi huota mizizi vikichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu.