Hiyo Bahasha Usiitupe

Mdogo wangu wa Columbus, picha ya barua uliyonitumia nimeisoma mara mbili, doa la chai na yote. Unaniuliza kama ni matapeli, maana inasema kuna kesi mahakamani na kwamba unadai pesa kwenye kazi uliyoiacha miaka minne iliyopita. Eti ulishaitupa, mumeo ndiye aliyeiokota kwenye pipa! Mpikie pilau huyo baba.

Kwanza hakiki. Chukua jina la mahakama na namba ya kesi zilizo kwenye barua, uzitafute mwenyewe. Atakayekuomba ada ya usajili, huyo ndiye tapeli.

Sasa sikiliza. Barua inahusu ile akiba ya uzeeni ya kazini, 401(k), uliyokuwa ukikatwa kila mshahara. Ina sheria yake tangu 1974, inaitwa ERISA, na inamtaka msimamizi wa mfuko atangulize maslahi ya wafanyakazi. Wapo wanaosinzia huku kampuni za uwekezaji zikijichotea ada. Utasema asilimia moja kitu gani? Wizara ya Kazi ya Marekani imetoa mfano: dola 25,000, zikikua kwa asilimia 7 kwa mwaka, miaka 35, bila kuongeza hata senti. Ada ikiwa nusu asilimia, unastaafu na dola 227,000. Ikiwa asilimia moja na nusu, 163,000. Dola 64,000 zimeondoka na hukupewa hata risiti!

Ndiyo maana watu wanashtaki kwa pamoja. Wafanyakazi wa kampuni ya Lockheed Martin walianza 2006, wakaja kupata suluhu ya dola milioni 62 mwaka 2015. Miaka tisa, jamani. Mara nyingi kampuni hulipa bila kukiri kosa, yaishe tu.

Ila usianze kuulizia kiwanja Kigamboni. Mawakili huweza kuchukua hadi theluthi, na kinachobaki mnagawana maelfu kwa maelfu, kila mtu kwa kadiri ya alichokuwa nacho mfukoni mle. Huenda ukapata mia mbili, huenda ukapata pungufu. Ni zako hata hivyo, na mimi sioni sababu ya kumwachia mtu jasho lako kwa uvivu wa kujaza karatasi moja.

Aliyebaki kazini kwa kawaida huingiziwa kwenye akaunti yake bila kujisumbua. Wewe uliyeondoka ndiye wa kusoma vizuri, kwa sababu kesi nyingine zinakutaka ujaze fomu. Ukiulizwa unalipwaje, omba zihamishiwe kwenye akaunti yako ya uzeeni, ile IRA. Ukichukua hundi mkononi, wanaweza kukukata kodi ya asilimia 20 papo hapo, na kwa umri wako huenda na adhabu ya asilimia 10 ikafuata.

Umehama nyumba mara mbili, kwa hiyo wapelekee walioandika barua anwani yako mpya leo. Kisha tafuta tarehe ya mwisho. Iko chini ya ukurasa wa pili, palepale ulipomwaga chai. Mimi nimeona mwezi tu, siku haisomeki.