SOMO: GLADIOLA FUPI ZILITOKA WAPI?

Ndugu wafanyakazi wa Arua na Koboko, wengi hudhani gladiola ni ua la Ulaya. Sivyo. Aina iitwayo dalenii, yenye maua ya rangi ya chungwa na njano, humea yenyewe porini katika nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwamo.

Mwaka 1823, katika bustani ya biashara ya James Colvill huko Chelsea, London, zilichanganywa aina mbili za Afrika Kusini, tristis na cardinalis. Akazaliwa chotara mfupi, asiyehitaji kijiti cha kumwegemeza. Akaitwa colvillei, jina la tajiri. Vibarua wa bustani hawamo. Mwaka 1841 Louis van Houtte wa Ubelgiji akauza chotara mrefu, na mzazi wake mmoja ni ile dalenii yetu. Baadaye mhandisi Francis Fox akaotesha Uingereza dalenii ya njano iliyotoka Victoria Falls, ambako daraja lilifunguliwa 1905. Hiyo ikazaa chotara wembamba, wenye maua madogo.

Kazi yenyewe ni ya mkono. Unatoa sehemu za kiume za ua moja mapema, unalipaka unga wa ua la pili kwa brashi, unalifunika, unangoja mbegu. Mche wa mbegu huchukua miaka miwili au mitatu kutoa ua. Ukipata zuri, liendeleze kwa vitunguu vyake vya chini, maana kwa mbegu litabadilika. Mliofanya kazi ya miwa Kakira mnaelewa: muwa nao hupandwa kwa kipande.

Mwenye kazi hiyo ni fundi. Akiandikwa kibarua wa kawaida, leteni habari chamani.