Asili ya Jina la Smith

Swali: Msomaji wa Bunagana anauliza: kwa nini Waingereza wengi huitwa Smith, na je, wote ni ukoo mmoja?

Jibu: Smith ni mhunzi, yaani mfua chuma, na kwa kuwa karibu kila kijiji kilimhitaji fundi wa majembe na viatu vya farasi, jina hilo lilizuka mahali pengi bila nasaba moja, likaanza kurithiwa katika Zama za Kati; orodha za kodi ya kichwa ya Uingereza, iliyotozwa kati ya 1377 na 1381, zinaonyesha wengi wakitambulishwa kwa kazi zao. Huko kwenu Rutshuru nako wahunzi, ambao kwa Kinyarwanda huitwa abacuzi, walifua majembe, lakini kimila mtoto alipewa jina lake mwenyewe, hivyo mwana wa mhunzi alirithi nyundo na mivukuto, si jina.