Wakati Ufaao wa Kuomba Uofisa Jeshini

Vijana wengi wa Thika na Ruiru, wa viwandani na wa mashambani, hutamani kusomea uofisa katika Chuo cha Kijeshi cha Kenya, kilichoko Lanet karibu na Nakuru. Wengine huandika barua mwaka mzima, na wengine hutafuta mtu wa kuwasemea. Yote mawili ni kazi bure.

Wakati wa kuomba ni mmoja tu, yaani Jeshi litoapo tangazo magazetini. Humo hutajwa umri, alama za mtihani wa kidato cha nne, na siku ya mwisho. Mwenye swali na amwulize ofisa wa kuandikisha baada ya kulisoma, si kabla. Atakaye uofisa hupeleka maombi kama ilivyoagizwa. Atakaye uaskari wa kawaida huenda mwenyewe kituoni siku iliyowekwa, na kitambulisho chake na vyeti halisi.

Basi yafaa kutengeneza vyeti na kufanya mazoezi ya mbio mapema. Ada hakuna. Adaiye fedha ni mwizi. Wako vijana waliokwisha kukamatwa Eldoret walipofika mafunzoni na barua za kununua, na fedha za wazazi wao zimekwisha kuliwa.