Usalama Mjengoni: Kubeba Mabomba Mazito Bila Kuumia

Nyumba za zamani za Eastlands zinapopisha magorofa, mabomba ya maji na ya maji taka ndiyo hutangulia ardhini. Vijana wengi wa mitaani hupata kibarua hapo, mara nyingi bila mafunzo yoyote.

Tuanze na uzani. Bomba la chuma la inchi 4, urefu wa mita 6, lina takriban kilo 70, zaidi ya mfuko wa saruji wa kilo 50. Hilo ni la watu wawili kwa uchache. Watatu ni bora. Kalvati ya zege yenye upana wa milimita 600 na urefu wa mita 1 hupita kilo 300. Hiyo huteremshwa kwa mashine, na hakuna anayesimama mtaroni chini yake.

Kabla ya kuinua, ondoeni mawe njiani na mjue bomba litatuliwa wapi. Kunja magoti, nyoosha mgongo, weka bomba karibu na mwili. Wabebaji wawe wa kimo kinachokaribiana, wote wakitumia bega la upande mmoja, ili likiteleza lisimwangukie mtu. Mmoja tu ndiye atoe amri. Wapagazi wa Pwani waliitana "harambee" kwa sababu hiyo hiyo, kabla wanasiasa hawajalichukua neno hilo. Na amri ya kutua ni muhimu kuliko ya kuinua: vidole husagika mmoja anapoachilia kabla ya mwenzake.

Katika vichochoro vya Kayole na Umoja, hatari nyingine iko juu. Bomba la mita 6 likisimamishwa wima linaweza kugusa nyaya za stima, na chuma hupitisha umeme. Libebeni likiwa limelala. Rundo nalo lizuiwe kwa kabari pande zote mbili na kuzungushiwa uzio, maana watoto hupenda kupanda hapo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao uzani wake unaweza kumjeruhi. Nyapara akisema "beba hivyo hivyo", una haki ya kuomba mwenzako au mashine. Ukiumia, mwarifu mwajiri siku hiyo hiyo, hata kwa mdomo, mbele ya shahidi. Chini ya sheria ya fidia, WIBA, pia ya 2007, yeye ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, nawe una miezi 12 ya kudai. Hifadhi karatasi za hospitali, hata kama uchungu wa mgongo umeanza siku kadhaa baadaye.