Vipuri vya Kompyuta ya Michezo: Hesabu Kabla ya Kununua

Vijana wengi wa shule za sekondari huifahamu kompyuta kwanza kwa njia ya michezo. Wako wazee wanaolisikitikia jambo hili. Mwandishi wa makala haya halisikitikii, kwa sababu katika kazi zote ambazo kompyuta ya nyumbani hufanya, mchezo wa picha zinazokwenda ni mojawapo ya zile nzito kabisa. Barua huweza kuandikwa kwa mashine yoyote iliyo hai, lakini mchezo huidai mashine ikokotoe mahali pa kila mchezaji, mpira, kivuli na mwanga, na kuchora yote hayo mara kadhaa katika kila sekunde. Mashine inayoimudu kazi hiyo itamudu pia kutengeneza programu, kuchora ramani za nyumba na kuhariri filamu.

Tatizo ni fedha. Kwa familia inayotegemea pamba, mihogo au dagaa wa ziwa, kompyuta ni ununuzi wa mara moja kwa miaka mingi. Kijana anayepewa fedha hizo akazitumia vibaya hatapewa nyingine mwaka ujao. Na makosa ni rahisi kufanya: kasha lenye taa za rangi huvutia macho dukani, kumbe taa hazichori hata picha moja.

Katika makala haya tutaeleza namna ya kuchagua vipuri kwa kutumia hesabu na fizikia ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaifahamu tayari. Bei hatutazitaja, maana bei ya mwezi huu si ya mwezi ujao. Mwishoni mwa mwaka 2025, kwa mfano, bei ya kumbukumbu za kompyuta ilipanda sana duniani kwa kuwa viwanda vilielekeza nguvu zao kwenye mahitaji ya mitambo mikubwa ya akili bandia.

Wilaya ya Sengerema si ngeni kwa kompyuta. Ni miongoni mwa wilaya za mwanzo nchini kupata telesenta, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia ilishiriki kuianzisha. Walimu wenye umri mkubwa watakumbuka pia kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Leo mashine zilizotumika Ulaya na Marekani zimejaa katika maduka ya Mwanza.

KAZI YA PICHA MOJA

Mchezo huonekana kwenda bila kukatika kama kompyuta inaonyesha picha 60 kwa sekunde. Kwa hiyo muda wa picha moja ni sekunde 1 ÷ 60, yaani milisekunde 16.7 hivi. Kwa picha 30 kwa sekunde, muda ni milisekunde 33.3. Mchezo bado unachezeka, ijapokuwa mkono hausikii wepesi ule ule.

Katika muda huo mfupi kazi mbili hufanyika. Kwanza prosesa, ambayo ni kama ubongo wa mashine, huamua kila kitu kiko wapi na kinafanya nini. Kisha kadi ya picha hupokea maagizo hayo na kupaka rangi kila nukta ya kioo. Wakati kadi inachora picha ya kwanza, prosesa huwa tayari inaandaa ya pili.

Tuwafikirie watu wawili mwaloni wanaoshusha dagaa. Mmoja yumo mtumbwini akijaza ndoo, mwingine yuko nchi kavu akipokea na kuanika. Ikiwa wa mtumbwini hujaza ndoo moja kwa sekunde 20, na wa nchi kavu huanika ndoo moja kwa sekunde 12, kila sekunde 20 itaanikwa ndoo moja. Ukimwondoa mwanikaji na kumweka mwingine anayeanika kwa sekunde 6, bado itaanikwa ndoo moja kila sekunde 20. Aliyeongezwa mshahara atakaa akisubiri.

Ndivyo ilivyo katika kompyuta. Prosesa ikitumia milisekunde 20 kwa picha na kadi milisekunde 12, tutapata picha 1,000 ÷ 20 = 50 kwa sekunde. Kadi mpya yenye nguvu maradufu, ingawa pengine ni kipuri ghali kuliko vyote, haitaongeza hata picha moja. Hasara nyingi za wanunuzi wachanga hutokana na kutojua hesabu hii moja. Husoma sifa za kipuri kimoja kimoja, ilhali kinachocheza mchezo ni mashine nzima.

Mwenye kompyuta tayari anaweza kufanya jaribio bila kununua kitu. Acheze huku akionyeshwa idadi ya picha kwa sekunde, kisha apunguze idadi ya nukta za picha katika mipangilio ya mchezo. Ikiwa picha kwa sekunde zinaongezeka sana, mchelewaji alikuwa kadi. Ikiwa haziongezeki, mchelewaji ni prosesa, au mara nyingine uhaba wa kumbukumbu.

ANZA NA KIOO

Watu wengi huchagua kioo mwisho, kwa fedha iliyobaki. Sisi tunashauri kianze, kwa sababu kioo ndicho kinachopanga kazi ya kadi. Kioo cha nukta 1,920 kwa 1,080 kina nukta 2,073,600. Kile cha 1,600 kwa 900, ambacho hupatikana sana miongoni mwa vioo vilivyotumika maofisini, kina 1,440,000. Gawanya: 2,073,600 ÷ 1,440,000 = 1.44.

Sasa tuchukue kadi inayotumia milisekunde 24 kuchora picha moja kwenye kioo kikubwa, yaani picha 42 hivi kwa sekunde. Kwa kukadiria kwamba kazi inafuata idadi ya nukta, kwenye kioo kidogo itatumia 24 ÷ 1.44, yaani milisekunde 16.7, na hizo ni picha 60 kwa sekunde. Kwa vitendo uwiano hauwi kamili hivyo, maana sehemu ya kazi ya kadi haitegemei nukta, lakini makadirio haya yanatosha kumwongoza mnunuzi. Kioo cha bei nafuu kimefanya kazi ya kadi ya bei kubwa.

MASHINE YA OFISI ILIYOTUMIKA

Kwa maoni yetu, mwenye fedha kidogo asianze kwa kununua vipuri vipya kimoja kimoja. Atafute kompyuta ya ofisi iliyotumika, kisha aiongezee kadi ya picha. Mfano mzuri ni Dell OptiPlex 9020 ya mwaka 2013, yenye prosesa kama Intel Core i5-4590. Prosesa hii ina viini 4. Mchezo wa Grand Theft Auto V ulipotolewa kwa kompyuta mwaka 2015, watengenezaji wake walipendekeza Core i5-3470, kumbukumbu ya gigabaiti 8, na kadi ya GeForce GTX 660. Hivyo prosesa ya mashine hii ya ofisi inavuka kiwango hicho. Kinachokosekana ni kadi.

Hapa lazima tutazame umeme. Tundu la kupachika kadi kwenye ubao mama hutoa wati zisizozidi 75. Kadi kubwa zaidi huhitaji waya wa ziada kutoka kwenye kifaa cha kugawa umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, na mashine hizi za ofisi kwa kawaida hazina waya huo. Tafuta basi kadi isiyozidi wati 75, kama GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 au GTX 1650 ya mwaka 2019. Tunaipendelea ya pili, kwa kuwa mtengenezaji alitangaza mwaka 2025 kukomesha maboresho ya kawaida kwa kizazi cha ile ya kwanza. Angalia pia kwamba baadhi ya GTX 1650 zimetengenezwa na tundu la waya wa ziada, hizo ziache.

Hesabu ya umeme ni hii: prosesa wati 84, kadi wati 75, na tukadirie wati 40 kwa ubao, diski, kumbukumbu na feni. Jumla ni wati 199. Pawa saplai ya 9020 ya kasha la wima ni ya wati 290, kwa hiyo tunatumia asilimia 69 hivi. Nafasi ipo. Lakini kasha jembamba la aina hiyo hiyo halipokei kadi ya urefu wa kawaida, bali ile fupi tu. Chukua rula dukani, upime. Tena, pawa saplai ya mashine hii hutumia plagi ya aina yake kwenye ubao mama, hivyo ikiharibika huwezi kuweka yoyote iliyopo dukani bila waya wa kuunganishia.

Kuna jambo la programu ambalo wauzaji wengi hulinyamazia. Msaada wa kawaida kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Fedha ikiruhusu, mashine ya ofisi yenye Core i5-8500 ya mwaka 2018, ambayo ina viini 6 na hutumia wati 65, itaishi miaka mingi zaidi. Isiporuhusu, mfumo endeshi wa Linux hauuzwi, na michezo mingi huchezeka humo, ingawa baadhi ya michezo ya kushindana kwa intaneti hukataa.

KUMBUKUMBU NA DISKI

Njia nyingine ni kuacha kadi kabisa na kutumia prosesa inayochora yenyewe, kwa mfano AMD Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021. Prosesa ya namna hii haina kumbukumbu yake ya picha. Huazima ya mashine. Kipande kimoja cha ramu ya aina ya DDR4-3200 hupitisha baiti 8 mara milioni 3,200 kwa sekunde, yaani gigabaiti 25.6. Vipande viwili vikipachikwa katika matundu yanayofaa hupitisha 51.2. Kwa hiyo vipande viwili vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, ijapokuwa jumla ni ile ile. Kwa kulinganisha, GTX 1650 ya awali hupitisha gigabaiti 128 kwa sekunde kwenye kumbukumbu yake yenyewe, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya kadi kuishinda prosesa.

Kuhusu diski hatutakawia. Diski ya kuzunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, na kwa wastani hungoja nusu yake kabla ya kufikia data. Ile isiyozunguka, inayoitwa SSD, haingoji mzunguko wowote. SSD hupunguza sana muda wa kufungua mchezo. Picha kwa sekunde haiongezi, isipokuwa kidogo. Nunua ndogo.

UMEME WA NYUMBANI NA HEWA YA ZIWANI

Umeme wetu ni wa volti 230, lakini jioni, majirani wote wanapowasha vyombo, unaweza kushuka. Pawa saplai ya kompyuta hujitahidi kutoa wati zile zile, kwa hiyo volti ikishuka mkondo hupanda. Wati 200 kwa volti 230 ni ampea 0.87; kwa volti 170 ni ampea 1.18. Joto katika waya hufuata mraba wa mkondo, na (1.18 ÷ 0.87)² ni 1.84. Pawa saplai isiyo na jina, yenye waya mwembamba, hufia hapo, na mara nyingine hufa pamoja na ubao mama. Hiki ndicho kipuri ambacho hatumshauri mtu kubana fedha. Zile za zamani zenye swichi nyekundu nyuma zitazamwe kabla ya kuchomekwa: swichi ikiwa kwenye 115, itapasuka mara moja.

Wakaao karibu na ufuko wanawajua wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kwa makundi kama moshi. Wakivutwa na feni hugandamana na vumbi katika mapezi ya kupoozea, na prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe. Kitambaa chepesi cha chandarua mbele ya tundu la hewa, kikifuliwa mara kwa mara, kinatosha.

Vipuri vingi hununuliwa Mwanza mjini. Tangu Juni 2025 Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, limewapunguzia wasafiri wa Sengerema kungojea kivuko, lakini daraja halikumbadilisha muuzaji asiyepokea bidhaa iliyorudishwa. Kadi ijaribiwe pale pale dukani, katika mashine inayowaka, kwa dakika 20 za mchezo. Tena isomwe kwa programu ya GPU-Z, maana zipo kadi kuukuu zilizobadilishwa maandishi ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya zaidi.

ZOEZI

1. Prosesa hutumia milisekunde 14 kwa picha, na kadi milisekunde 25 kwenye kioo cha nukta 1,920 kwa 1,080. Tafuta idadi ya picha kwa sekunde. Kisha kadiria idadi hiyo kwenye kioo cha nukta 1,280 kwa 720, ukieleza ni kipuri gani sasa kinachochelewesha.

2. Kompyuta ya wati 200 huchezewa saa 3 kila siku kwa siku 30. Itatumia uniti ngapi za LUKU? Zidisha kwa bei ya uniti moja nyumbani kwenu.

3. Darasa ligawanywe makundi manne. Kila kundi liulize bei za kadi, kioo, ramu na mashine ya ofisi katika maduka mawili, kisha lipange mashine kwa kiasi cha fedha atakachokitaja mwalimu. Makundi yalinganishe kwanza jumla ya wati, ndipo yalinganishe picha kwa sekunde.